Siku ya kwanza iachieni bahari

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenigusa. Mume na mke vijana wanakwenda kwa mara ya kwanza kwenye jiji kubwa la pwani, wana siku nne, na wanauliza waanzie wapi ili wasirudi wamechoka bila kuona cha maana. Najua wasomaji wenzangu watawapa orodha ndefu za majumba na masoko. Mimi nina neno moja tu, ila nitalieleza kwa kirefu: siku ya kwanza msipange kitu. Wekeni mizigo, teremkeni ufukweni, mkae muone bahari ya hapo inakwendaje. Mkishaijua, siku tatu zilizobaki zitajipanga zenyewe kwa urahisi ambao hamkuutegemea.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tulifanya kinyume. Safari yetu ya kwanza tulikuwa na karatasi yenye sehemu kumi na moja za kuona kwa siku tatu, kila moja na saa yake. Siku ya pili asubuhi tulikuta maji yamepwa, mchanga umekwenda mbali mpaka kwenye mwamba ambao jana yake hatukuuona kabisa. Tukatembea hadi huko. Mume wangu alikuwa ameinamia kamera, mimi nimeshika viatu mkononi nikiokota makombe. Nilipogeuka kutazama tulikotoka, jiwe bapa tulilokanyaga kuvukia halikuwepo. Maji yalikuwa yamelifunika, na kati yetu na nchi kavu palikuwa na mfereji unaokwenda kasi. Hatukujua kwamba maji yanapojaa huanza kupita kwenye mabonde ya mchanga nyuma yako, wewe ukiwa bado umesimama pakavu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu alipiga mluzi, akatuonyesha kwa mikono tuzunguke upande wenye mchanga wa juu. Tulitoka tumelowa mpaka kiunoni, mimi nalia, na kamera ndiyo ikawa imekwisha.

Mzee yule hakutugombeza. Alitupeleka mpaka kwenye nguzo ya gati akatuambia tuitazame. Chini ilikuwa nyeusi, imeganda chaza wadogo na mwani. Juu yake ulikuwepo ukanda wa kijani unaoteleza. Juu zaidi, saruji kavu yenye weupe wa chumvi. Pale ukavu unapoanzia, ndipo maji hufika yakijaa kweli. Tangu siku ile, kila tukifika mji wa pwani tusioujua, kabla ya kufungua begi tunakwenda kutafuta nguzo ya gati.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Hili la kusogea ndilo linalowapoteza wageni. Mkikuta leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, msidhani siku ya nne mtakuta hivyo hivyo saa nne. Siku hiyo kupwa kutakuwa karibu saa sita na nusu mchana. Tena mwangalieni mwezi. Ukiwa mchanga au mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Majedwali ya maji yapo kwenye intaneti, na bandari nyingi huyatoa. Yatazameni usiku kabla ya kulala kama mnavyotazama hali ya hewa.

Mnaweza kudhani haya ni mambo ya wavuvi tu, lakini pale Mumbai kuna kaburi na msikiti wa Haji Ali, umejengwa kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kuuendea hufunikwa na maji yanapojaa. Mtu anaweza kuvuka jiji zima kwenye foleni kisha akafika akasimama ukingoni akitazama mawimbi. Kwa upande mwingine, Barcelona au Istanbul maji hayapandi wala kushuka kiasi cha kumshughulisha mgeni. Huko cha kuulizia ni upepo na meli.

Upepo basi. Mchana jua hupasha ardhi haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda juu, na ile ya baharini iliyopoa huingia kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kwenye miji mingi ya pwani, siku za joto, asubuhi huwa shwari, mchana upepo unaanza kuvuma kutoka baharini, alasiri ndiyo una nguvu zaidi. Usiku mambo hugeuka, upepo hutoka bara. Kwa hiyo safari za mashua ndogo na kutazama samaki kwenye miamba, wekeni asubuhi. Alasiri kaeni mahali mtakapoupokea huo upepo mkiwa mmestarehe.

Hapa ndipo ninapovunja kanuni yangu mwenyewe ya siku ya kwanza. Kama jiji lina kitu kinachotegemea upepo, na mkafika siku ambayo anga ni safi na hewa imetulia, nendeni hapo hapo. Cape Town ina gari la kebo la kupanda Table Mountain, limekuwepo tangu 1929, nalo husimamishwa upepo ukizidi. Boti za kwenda Robben Island pia huahirishwa bahari ikichafuka. Nimeona watu waliouweka mlima huo siku ya mwisho kama zawadi ya kumalizia, wakaondoka wameutazama kutoka chini tu, umefunikwa na wingu. Kitu kama hicho hakiwekwi mwisho.

Na msichukulie kwamba pwani maana yake ni joto. San Francisco mwezi Julai ina ukungu na baridi inayowashangaza wageni waliokuja na kaptura. Joto la mchana mara nyingi hukaa karibu na nyuzi 20, wakati mabonde ya bara nyuma yake yanaungua. Maji ya bahari ile ni baridi, na joto la mabondeni ndilo linalovuta ukungu uingie mjini. Miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo yenye joto zaidi. Chukueni sweta moja kila mtu, hata mkicheka mnapolikunja.

Kuhusu mahali pa kulala sina mengi. Chumba kinachotazama bahari ni kizuri, lakini mtakitazama dakika ngapi? Mimi ningechagua kulala karibu na kituo cha treni au gati la kivuko. Jiji la bara lina barabara za kutokea pande zote. La pwani upande mmoja wote ni maji, na magari yote yanabanana kwenye barabara chache na daraja moja au mawili. Saa mbili za foleni kila siku kati ya siku nne ni hasara kubwa.

Kivuko ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na nashangaa wageni wanavyolipia boti za matembezi huku wakipishana na vivuko vya wenyeji. Siku ya kwanza hiyo hiyo, jioni, pandeni kivuko cha kawaida ambacho watu wanarudia nyumbani kutoka kazini. Hong Kong wana Star Ferry kati ya kisiwa na Kowloon. Istanbul mnavuka mlango-bahari wa Bosporus kutoka Ulaya hadi Asia mkiwa mmesimama kwenye sitaha. New York, kivuko cha Staten Island hakitozi nauli kabisa, huchukua dakika 25 hivi, na njiani mnaiona Sanamu ya Uhuru. Simameni nje, upande unaoelekea jiji, kimya. Kutoka majini ndipo mnapoona kwa nini watu waliamua kujenga pale: mkono wa ghuba unaokinga mawimbi, mdomo wa mto, kilima cha kuweka ngome. Mkishuka ng'ambo msiharakishe kurudi. Subirini taa ziwake, kisha rudini.

Kwenye kuogelea naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo safari za furaha zinapogeuka msiba. Kuna mkondo unaotoka ufuoni kwenda nje, mwembamba, wenye nguvu. Kwa macho ya mgeni huonekana kama njia tulivu isiyo na mawimbi katikati ya mawimbi, na wengi huingia hapo wakidhani ndipo salama. Ukikuchukua, usipambane nao kurudi moja kwa moja ufuoni. Waogeleaji hodari huchoka na kuzama wakifanya hivyo. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Ukishindwa, elea na uinue mkono. Na wewe uliyebaki mchangani usimrukie mwenzako kwa uchungu. Ita waokoaji, mrushie kitu kinachoelea. Wanandoa hufa wawili kwa namna hiyo. Bendera nyekundu na njano huonyesha sehemu inayolindwa na waokoaji, ogeleeni hapo. Nyekundu tupu maana yake ni hatari kubwa, na nyekundu mbili maana yake maji yamefungwa. Wazee walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea, na huyo alikuwa mwenyeji.

Jua nalo lisiwadanganye. Upepo wa bahari hukupoza ngozi huku miale ikiichoma, na inakupiga kutoka juu na kutoka chini pia: mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la mawimbi kama 25. Mwavuli peke yake hautoshi. Ndani kabisa ya jiji mambo ni tofauti kidogo, hewa ina unyevu, jasho halikauki, mtu anachoka asijue kwa nini anamkasirikia mwenzake. Kati ya saa sita na saa tisa mchana lalini. Msiione ni siku iliyopotea.

Kabla hamjapanga jioni ya kukumbukwa, fungueni ramani muone pwani inatazama wapi. Marine Drive, barabara ya ufukweni ya Mumbai, inatazama magharibi, jua linazama majini mbele yenu. Durban na pwani ya Afrika Mashariki zinatazama mashariki, kwa hiyo uzuri wenyewe ni alfajiri, na aliyesubiri machweo ataona jua likipotelea nyuma ya maghorofa. Kama mmoja wenu si mtu wa kuamka mapema, kubalianeni alfajiri moja tu, mchague ile ambayo maji yatakuwa yamepwa.

Kitongoji cha kale karibu na bandari kitawavutia, kama kilivyo kwa kila mtu. Ila meli kubwa ya watalii ikitia nanga asubuhi hushusha maelfu ya watu kwa pamoja, na wengi wao hurudi melini kabla ya jioni. Bandari nyingi huweka wazi ratiba ya meli zinazoingia. Chagueni siku isiyo na meli, au ingieni vichochoroni baada ya saa kumi na moja jioni. Kuhusu wezi wa mifukoni mmeshaambiwa vya kutosha. Simu isikae mfuko wa nyuma, hati za kusafiria zibaki chumbani na nakala muwe nazo, basi.

Nimalizie na nyinyi wawili wenyewe. Sisi hatukugombana kwa sababu ya kamera siku ile. Tuligombana kesho yake, juu ya ngazi za jumba la makumbusho, kwa sababu mume wangu alitaka kuingia na mimi nilikuwa nimeshiba majumba. Tulipotulia tukawekeana utaratibu ambao mpaka leo tunaufuata. Kila mmoja anataja kitu kimoja asichoweza kurudi bila kukiona, na mwenzake anaambatana naye hapo bila kulalamika. Vingine vyote vinaweza kuachwa. Halafu, katika siku nne, nusu siku moja kila mtu anakwenda kivyake. Yeye hukaa bandarini anatazama winchi zikipakua makontena, mimi hutembea sokoni bila mtu wa kuniuliza nimemaliza. Tukikutana jioni kila mmoja ana la kusimulia, na tunasikilizana kweli.

Mkiachana hivyo, msitegemee simu. Chumvi na mchanga huziua, na chaji huisha. Semeni mahali hasa, si "pale gatini," kwa sababu gati lina malango manne na ving'ora na watu mia tano wanaoshuka kwa mara moja. Semeni: chini ya saa ya ukutani, upande wa kuingilia, saa kumi na mbili. Na kabla hamjavuka kwenda ng'ambo, muulizeni mkata tiketi kivuko cha mwisho cha kurudi kinaondoka saa ngapi, muiandike kwenye kiganja.