Kaprizov Alisubiri Miaka Mitano, Mimi Sikusubiri Hata Mmoja

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kapsabet alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Mwanawe amemaliza Kidato cha Nne, anakimbia mita 5,000, na kocha wa chuo kimoja cha Marekani anamtaka afike Agosti. Mama huyo alikuwa amesoma makala yangu kuhusu Ivan Demidov, kijana Mrusi wa hoki ya barafuni, akaniuliza: "Ndugu yangu, wewe uliyepita njia hiyo, mtu anajuaje kama kijana ameiva?"

Nimekaa na swali hilo siku nne. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaosoma ukurasa huu mna ndoto ileile, na wengine mmeshapiga picha ya pasipoti.

Nianze na Kirill Kaprizov, Mrusi mwingine wa hoki ya barafuni, kwa sababu yeye ndiye aliyenifungua macho. Alizaliwa Novokuznetsk, Siberia, mwaka 1997. Akiwa na miaka 17 alikuwa tayari anacheza na watu wazima katika KHL, ligi kuu ya Urusi, kwenye timu ya mji wake. Mwaka 2015 Minnesota Wild, klabu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, walimchagua katika ule mchujo wa kila mwaka ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu: raundi ya 5, nafasi ya 135. Vijana 134 waliitwa kabla yake! Wengi wetu tungesikia jina letu limetajwa Marekani, hata la mwisho, tungeanza kufunga mizigo usiku huohuo. Yeye alibaki. Akaenda timu ya Ufa, kisha CSKA ya Moscow, zote za KHL. Mwaka 2018 alifunga bao lililoipa timu ya Warusi dhahabu ya Olimpiki katika fainali dhidi ya Ujerumani. Mwaka 2019 alinyanyua Kombe la Gagarin, ubingwa wa KHL. Si kwamba yote yalikuwa hiari yake: alikuwa na mikataba, na kati ya NHL na KHL hakuna makubaliano ya kununuliana wachezaji, kwa hiyo klabu ya Marekani haina njia ila kungoja mkataba wa kule uishe au uvunjwe kwa hiari. Lakini ile miaka hakuilalia.

Mechi yake ya kwanza hapa Marekani, katika NHL, ilikuwa tarehe 14 Januari 2021, ugenini Los Angeles. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye kiwanja cha barafu cha mtaani kwetu, ambako naendesha mashine ya kulainisha barafu, nikaitazama kwenye simu nikiwa bado na koti mwilini. Alitoa pasi mbili za mabao, halafu katika muda wa nyongeza akatoroka peke yake na kufunga la ushindi. Alikuwa na miaka 23. Msimu huo alichukua Calder, tuzo ya mchezaji mgeni bora wa ligi. Septemba 2025 alisaini mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 136.

Usiku ule wa Los Angeles nililia. Mke wangu alidhani kuna msiba nyumbani.

Mimi nilikuja Marekani kukimbilia chuo Agosti 2009, nikiwa na miaka 19. Nilikuwa nimeshinda mashindano ya shule mpaka ngazi ya mkoa na nilijiona nimemaliza kazi. Sikuwa nimekimbia hata mara moja na wale wanaume wanaofanya mazoezi alfajiri barabarani, wanaoishi kwa miguu yao. Kocha wa chuo aliniona kwa namba tu, kwenye karatasi. Mzee wangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari, na sherehe ilifanywa kanisani.

Hakuna aliyeniambia kuhusu majira ya baridi. Nyumbani uwanja una mita 400 na unakimbia mizunguko 12 na nusu kumaliza 5,000. Huku, theluji ikianguka, mnakimbia ndani ya jengo, kwenye njia ya mita 200. Mizunguko 25, kona kila baada ya hatua chache, mwili umelalia upande uleule. Na msimu haukuisha: mbio za nyika vuli nzima, za ndani baridi nzima, za uwanjani mpaka Juni. Februari muundi wa mguu wa kushoto ulianza kuuma. Nilinyamaza, maana nani angenielewa? Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu mtihani, si cha kumwambia mtu mzima kwamba naogopa. Mfupa ukapata ufa. Msimu wa pili ukapata tena. Ufadhili haukuongezwa, na kocha alinipa habari hiyo kwa dakika tano akiwa amesimama mlangoni. Hizo dakika tano bado ninazo.

Sasa mtanielewa kwa nini hoki ya Warusi hunishika moyo. Kiwanja walichozoea tangu zamani kina upana wa mita 30. Cha NHL kina mita 26 hivi. Timu nyingi za KHL siku hizi zimepunguza upana, lakini malezi bado ni ya nafasi kubwa. Mita nne zaonekana kidogo mpaka uzione zikifanya kazi. Kule winga akipokea paki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira, anaweza kugeuka, kuinua kichwa na kutafuta mwenzake. Huku akiinua kichwa beki ameshafika, na anayefuata kumgusa ni ukuta. Halafu anarudia hayo mechi zaidi ya 80 kwa msimu, na safari za ndege za saa tano kutoka pwani hadi pwani. Kijana anatakiwa awe ameshajifunza kuamua kabla paki haijamfikia. Hilo halifundishwi uwanja wa ndege.

Demidov ndiye mfano mwingine ninaowapa vijana. Msimu wa 2023–24 aliichezea ligi ya vijana ya Urusi na kuiharibu kabisa: pointi 60 katika mechi 30, ukijumlisha mabao na pasi za mabao. Montreal, klabu ya NHL ya Kanada, wakamchagua wa 5 mwaka 2024. Angeweza kuamini ameiva. Badala yake alipanda SKA ya St Petersburg, timu ya watu wazima ya KHL, na kuna usiku aliokaa benchi karibu mechi nzima. Watu hapa walikasirika kwa niaba yake. Mimi sikukasirika. Alimaliza na pointi 49 katika mechi 65, akavunja rekodi ya KHL kwa wachezaji wa chini ya miaka 20, iliyokuwa ya Kaprizov huyohuyo, pointi 42. Aprili 2025 akaingia barafuni Montreal kwa mara ya kwanza, dhidi ya Chicago, na katika kipindi cha kwanza tu akatoa pasi ya bao na kufunga lake.

Najua kuna watakaonikumbusha Mrusi Nikita Kucherov, aliyekuja Quebec, Kanada, akiwa kijana na leo ni mmoja wa wakubwa wa ligi. Ni kweli. Naheshimu. Ila nawaomba mumkumbuke pia Mrusi mwenzake Nail Yakupov, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2012 na kufikia 2018 alikuwa amerudi Urusi. Kipaji chake hakikuwa na shaka.

Kwa hiyo, vijana, sikilizeni. Usiondoke kwa sababu umeitwa. Ondoka ukiwa umeshawashinda watu wazima wa kwenu, siyo wenzako wa darasani. Kabla hujasaini, uliza utakimbia au utacheza mara ngapi kwa mwaka, na ukiumia nani anaamua upumzike. Uliza kama kuna mtu wa kukupokea. Kaprizov alimkuta Minnesota mchezaji mwenzake Mats Zuccarello, Mnorwe mwenye umri wa kaka mkubwa, wakawa kama ndugu. Mimi nilipokelewa na dereva wa basi dogo la chuo aliyenipa ufunguo wa chumba. Na wazazi, tafadhali, msifanye sherehe ambayo itamfunga mtoto mdomo siku mguu ukimuuma.

Mama wa Kapsabet, sisemi mwanao asije. Nitumie muda wake wa mita 5,000, lakini usinitumie wa mashindano ya shule. Mpeleke Jumamosi akimbie na wanaume, aone anamaliza wa ngapi, kisha unipigie. Mchana wa kwenu nitakuwa kazini, ila simu nitaiacha wazi.