Mtoto anashinda na video za sayansi, mbona ukimuuliza hana jibu?

Wiki hii barua nyingi zimekuja na kitu kilekile, watoto na video za sayansi kwenye simu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake naona zingine zote zimetokea humohumo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, yuko la nne shule ya serikali hapa Mbagala. Akirudi tu anaomba simu, anaangalia video za sayansi, mara sayari, mara dainosaria, mara volkano. Mwanzo nilifurahi nikasema afadhali huyu haangalii upuuzi. Sasa juzi nimemwambia haya nisimulie leo umejifunza nini, akasema "ilikuwa nzuri mama," basi, kimya. Mtihani wa sayansi kapata 19 kwa 50. Na bando la wiki linakata siku ya tatu. Nimnyang'anye simu au niache? Mama wa watoto wawili, Rangi Tatu.

JIBU: Marahaba mama. Usimnyang'anye, mtoto wa miaka 9 anayependa sayari ni mali hiyo, ila badilisha anavyoangalia. Ujue zile video zinafanya kila kitu zenyewe, zinauliza, zinajibu, zinapiga na muziki, mtoto kazi yake kukodoa macho tu. Ni kama abiria aliyekaa dirishani kwenye daladala toka Rangi Tatu mpaka Kariakoo, Zakhem imepita mbele ya macho yake, Mtongani imepita, Uhasibu imepita, lakini mpe karatasi umwambie achore njia uone kama ataweza. Anayeijua njia ni dereva.

Kwahiyo mkabidhi usukani. Chukua video moja, dakika 4 au 5 zinatosha, kaa naye, ikifika pale wanapotaka kusema sababu we stopisha. Muulize "wewe unadhani kwanini?" Akijibu chochote, hata kama ni kichekesho, usicheke na usimsahihishe, mwambie aandike kwenye daftari, halafu ndo mnaachia video iendelee. Hapo anaisikiliza kwa masikio mengine kabisa, anataka kujua kama kapatia.

Mfano bahari. Video za mwezi na maji kujaa na kupwa ziko nyingi. Mkishaangalia, Jumamosi mpeleke ufukweni Feri, pale soko la samaki, achomeke kijiti mchangani maji yanapoishia, aandike saa, na kesho yake kama mnaweza mrudi tena. Ataona maji yamechelewa kujaa kama dakika 50 hivi kuliko jana, na atataka kujua hizo dakika zimetoka wapi, ni kwa sababu mwezi nao unachelewa kila siku kwa kiasi hichohicho. Halafu waulizeni wavuvi pale. Watawaambia kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na kuna maji mafu, hayaendi mbali. Mtoto arudi nyumbani acheki mwezi angani, bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu. Yale aliyoyaona kwenye video na Mzungu kavaa koti jeupe, mvuvi wa Feri anayaishi miaka yote na ana majina yake kwa Kiswahili. Mi hapo huwa naguswa sana, manake mtoto anaacha kudhani sayansi ni mambo ya mbali.

Na dainosaria hivyohivyo. Je anajua kwamba Tendaguru, huko Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria, wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini, na mifupa ya mmoja wao leo imesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, urefu kwenda juu mita 13 na zaidi? Tafuteni video yake, halafu mpime mita 13 kwa kamba hapo mtaani kwenu muone inafika nyumba ya nani.

Nimesema usicheke, na sababu ninayo. 1963 kijana mmoja, Erasto Mpemba, alikuwa anasoma sekondari ya Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaogopa kukosa, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzie yaliyoingia baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamcheka, wakasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar, Denis Osborne, kijana akanyoosha mkono akauliza tena, wenzie wakaangua kicheko, lakini yule bwana hakucheka, akarudi Dar akajaribu. 1969 wakachapisha makala kwa majina yao wote wawili, na mpaka leo jambo lile dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba na wanasayansi bado wanabishana linatokea wakati gani na kwanini. Mkiwa na friji jaribuni, vikombe viwili sawasawa, kimoja maji ya moto kimoja ya baridi. Mara nyingine itakubali mara nyingine itagoma, na ikigoma hapo ndo utamu, aulize tofauti imetoka wapi.

Sasa zile alama 19. Mi nahisi shida ni lugha. Video anaangalia kwa Kiingereza, mtihani wa shule yake ni wa Kiswahili. Anaijua graviti, karatasi inamuuliza nguvu ya mvutano. Anajua mmea unajitengenezea chakula kwa jua lakini hajawahi kusikia neno usanisinuru, kwahiyo anaacha wazi. Muwe na daftari la maneno, kila video maneno matatu, upande huu linavyosemwa kwenye video upande huu la darasani. Na za Kiswahili zipo, Ubongo Kids ni katuni za hapahapa Dar, zilianza 2014, zina hesabu na sayansi, aanze na hizo.

Kuhusu bando, ukipata waifai pakua za wiki nzima uweke kwenye memori kadi, na chagua ubora wa 360, kwenye kioo cha simu inatosha kabisa. Video tatu kwa wiki mkizifanya hivi ni nyingi kuliko thelathini anazoangalia sasa.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu ana miaka 12, kaona video mtu anachaji simu kwa kitunguu. Kaloweka kitunguu kwenye juisi, kachomeka waya wa chaji, simu yangu tundu la chaji limekufa, fundi kanitoza elfu 25. Nimemtandika na nimempiga marufuku video zote. Nimekosea? Baba, Tabata.

JIBU: Pole kwa hasara kaka. Lakini ndio, kwenye kumtandika umekosea, manake huyo kafanya kile tunachokililia, kaona kitu akataka kukihakikisha. Aliyekosa ni aliyetengeneza video ya uongo. Kitunguu hakiwezi kuchaji simu, hata ukikiloweka kwenye juisi gani. Umeme wa tunda unatoka kwenye metali mbili tofauti, mfano zinki na shaba, majimaji ya tunda yanasaidia tu chaji zipite kati yao, na kwenye ile video metali mbili ziko wapi? Na hata ukiziweka, limao moja linatoa pungufu ya volti 1 wakati chaja ya simu inatoa volti 5, halafu mkondo wa limao ni mdogo mno, chaja ya kawaida inaupita mara mia kadhaa.

Mfanyie la kweli. Malimao matano, misumari ya kuezekea bati (ile ina zinki kwa juu), vipande vya waya wa shaba uliochunwa, na kitaa kidogo chekundu cha LED. Kila limao msumari upande mmoja na shaba upande wa pili visigusane, shaba ya hili unaunga na msumari wa linalofuata mpaka mwisho, halafu zimeni taa chumbani. Kitawaka hafifu, kikigoma geuzeni miguu ya kitaa. Malimao hayo msiyale, metali imeyeyukia humo.

Marufuku weka kwenye mambo haya tu: soketi ya ukutani, spiriti na moto, na kuchanganya dawa za usafi. Hili la mwisho nalisisitiza, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe (blichi) ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu, na video za kuchanganyachanganya zinapendwa sana na watoto.

SWALI: Mwalimu mwanangu, mjukuu ana mwaka mmoja na nusu, mama yake akienda kazini anamwachia simu ya katuni za sayansi na namba, anasema mtoto atakuwa na akili. Mimi roho haitaki. Bibi, Kigamboni.

JIBU: Shikamoo bibi. Roho yako iko sahihi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, mwenye mwaka mmoja kama huyo nae haipendekezwi, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo bora zaidi. Mwekee maji kidogo kwenye beseni, kijiko, kifuu na kokwa la embe, aone kipi kinazama kipi kinaelea, wewe ukiwa umekaa hapohapo usimwache na maji peke yake. Na umwongeleshe, sauti yako inamfundisha kuliko katuni.

SWALI: Nafundisha sayansi la tano, Gongo la Mboto, darasa lina watoto 112. Projekta hamna, simu ni yangu moja. Hizi video mnazosifia mimi nazitumiaje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usiwaonyeshe. Angalia wewe nyumbani, chukua jaribio, video iache hukohuko. Nyingi zinatumia kabichi ya zambarau, hapa bei yake unaijua, sisi tuna choya, yale maua mekundu ya juisi. Chemsha choya bila sukari, gawa kwenye glasi tatu, moja acha, moja kamulia ndimu, moja tia magadi kidogo. Ya ndimu inakolea wekundu, ya magadi inageuka rangi kabisa inaelekea kijani au bluu. Kabla hujatia magadi simama, waambie kila mtu aandike anachotegemea. Watoto 112 watanyamaza, nakuhakikishia. Na wasionje.

La pili halina gharama hata shilingi. Dar tuko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, kwahiyo jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye tarehe 10 Oktoba. Simamisha fimbo wima uwanjani wiki nzima kabla, kila siku mchana wapime kivuli. Oktoba kinakuwa kifupi kabisa kama saa 6 na dakika 10, Machi ni karibu saa 6 na nusu. Waache wabishane siku gani kitapotea. Ukifanya niandikie, nataka kujua walitabiri nini.