Kwa yule wa 2.6: usijichome sindano kabla hujapima LH

Ndugu wa Kisauni, weka hiyo sindano chini kwanza, salamu baadaye.

Umeandika kwamba una miaka 34, mwili umechoka, hamu imepungua, na wewe na mkeo ni mwaka wa pili mnatafuta mtoto. Ukapimwa testosteroni, homoni ya kiume, saa tisa alasiri, ikatoka 2.6, karatasi ikapigwa herufi L nyekundu (yaani iko chini), na kocha wa jimu kakupatia Sustanon 250, testosteroni ya sindano, ujichome kila wiki "mpaka udume urudi". Kisha ukauliza na mambo mengine manne matano, nitayafikia nikiyakumbuka. Hilo la mtoto ndilo limenipandisha presha.

Testosteroni ya sindano huzuia mimba, kwa upande wa mwanamume. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH ndiyo inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni. FSH, pamoja na testosteroni nyingi mno iliyo ndani ya korodani zenyewe, ndizo zinazokuza mbegu. Ukijichoma ya dukani, ubongo unaona damu imeshiba, unafunga LH na FSH zote mbili. Korodani zinakosa amri na kusinyaa, na testosteroni ya ndani yake inaanguka hata kama ile ya kwenye damu iko juu darini. Shirika la Afya Duniani walilifanyia utafiti, matokeo yakachapishwa 1990: wanaume wenye afya zao walichomwa miligramu 200 za testosteroni enanthati kila wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu zilifika sifuri ndani ya miezi sita. Wale walikuwa wanajaribiwa njia ya uzazi wa mpango, bwana! Wewe unatafuta mtoto kwa dozi inayokaribiana na yao. Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini ni suala la miezi sita hadi mwaka, wengine hata miaka miwili, na wapo wasiorudi walipokuwa. Weka na umri wa mkeo kwenye hesabu hiyo.

Hasara ya pili ni kwamba sindano inafuta ushahidi. Testosteroni ikiwa chini huku LH na FSH ziko juu, tatizo liko kwenye korodani: pengine matubwitubwi yaliyoshuka huko, jeraha, dawa za saratani, au hali ya kuzaliwa nayo kama Klinefelter (mwanamume mwenye kromosomu X ya ziada). Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini, au iko "kawaida" wakati ilipaswa kupanda, tatizo liko juu, kwenye pituitari, au kuna kitu kinachoinyamazisha: kitambi kikubwa, prolaktini (homoni ya maziwa) nyingi, tramadoli, heroini, methadoni, au steroidi za jimu zenyewe. Matibabu ya huku si ya kule. Mwenye tatizo la juu mara nyingi anaweza kupewa hCG au klomifeni, dawa za kuziamsha korodani, na korodani zikaendelea na kazi. Ukishajichoma, LH itasoma chini kwa sababu ya sindano, na daktari hatajua ilikuwaje kabla mpaka uache na usubiri miezi.

Na huyo kocha wako! Mtu anajua kunyanyua chuma, basi kajipa na udaktari. Kuna aliyenishauri mimi maneno hayo hayo kwa uso mkavu, na sijamsamehe mpaka leo. Muulize wako LH yako ni ngapi, uone atakavyobabaika. Aliyekupima alasiri bila kukuuliza umekula nini naye ana kesi ya kujibu.

Maana hiyo 2.6 haijasema kitu bado. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa kijana, kipimo cha alasiri kinaweza kuwa chini kwa robo kuliko cha asubuhi, na chakula nacho hukishusha. Kwa hiyo damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hujala tangu usiku. Mahamri na mbaazi baadaye. Hata kikombe cha alkasusu chenye asali kimevunja mfungo, usijidanganye kwamba hiyo ni dawa. Halafu urudie asubuhi ya siku nyingine, maana kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa. Kama ulitoka kuumwa malaria au dengi, subiri upone kabisa. Kama ulikesha na muguka mpaka saa tisa usiku, ahirisha, kwa sababu usingizi ndio unaoipandisha testosteroni. Na kama unameza biotini, ile vitamini ya nywele na kucha (baadhi ya poda za jimu zinayo), iache siku tatu kabla: inavuruga mashine za maabara, testosteroni inaweza kusoma juu kuliko ilivyo na LH chini kuliko ilivyo.

Angalia pia namba ya karatasi imeandikwa kwa kizio gani. Yako ni nanogramu kwa mililita, na 2.6 ni sawa na nanogramu 260 kwa desilita, au takriban nanomoli 9 kwa lita. Madaktari wa mkojo wa Marekani huita upungufu chini ya 300 kwa desilita. Wa Ulaya husema chini ya nanomoli 8 ni upungufu wa wazi, na 8 hadi 12 ni eneo la shaka. Upo kwenye shaka, tena kwa kipimo cha alasiri. Ukirudi asubuhi agiza na SHBG, protini inayoibeba hiyo homoni. Wenye kitambi na sukari huwa nayo kidogo, kwa hiyo jumla inaonekana imeanguka kumbe ile huru, isiyobebwa, iko sawa. Ile huru ipigiwe hesabu kutokana na jumla, SHBG na albumini, protini nyingine ya damu. Kile kipimo cha kuipima hiyo huru moja kwa moja, cha bei rahisi, hakiaminiki.

Dalili? Uchovu peke yake hautoshi. Upungufu wa damu, tezi ya koo, sukari, kukoroma usiku na msongo vyote huchosha. Zinazoelekeza zaidi ni hamu kupotea, uume kutosimama asubuhi, ndevu kupungua, matiti kuvimba, korodani kuwa ndogo. Kichwa kikiuma na macho yakaanza kutoona pembeni, hapo shuku prolaktini na pituitari, usingoje.

Kwa sababu ya mtoto, pima na manii: kaa siku mbili hadi saba bila kutoa. Chombo kikae karibu na mwili kisipoe, na kifike maabara ndani ya saa moja. Wa Likoni wasitegemee feri kwa hili, watoe sampuli hapo hapo maabara. Tangu 2021 mpaka wa chini wa WHO ni milioni 16 kwa mililita. Na mama naye apimwe, si wewe tu.

Siku daktari akikuandikia testosteroni kwa sababu za kweli, hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ipimwe kabla, halafu baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikipita asilimia 54 dawa inasimamishwa, damu imekuwa nzito.

Zinki uliyouliza: kama huna upungufu wake haikuongezei kitu. Kitambi ndiyo, kukipunguza kunapandisha testosteroni. Bei za maabara sizikumbuki, piga simu uulize kama LH wanaipima wenyewe au wanaisafirisha Nairobi. Na mpira wa Jumapili cheza, ila si asubuhi ya kipimo.