De Zeven Provinciën haikuzamishwa kwenye maasi ya 1933

Wengine hudhani De Zeven Provinciën, manowari ya Uholanzi ambayo mabaharia wake waliasi mwaka 1933, ilizamishwa na bomu mwaka huo. Hapana, bomu hilo halikuizamisha. Ndege ya jeshi la wanamaji la Uholanzi ilidondosha bomu la kilo 50 tarehe 10 Februari, likapiga sitaha ya mbele. Waliokufa ni 23, na mabaharia waliobaki wakasalimu amri palepale. Siku sita kabla, waliiteka manowari hiyo huko Aceh, katika Indonesia ya leo iliyokuwa koloni la Uholanzi, wakati kamanda na maafisa wengi wako nchi kavu, wakaanza safari kuelekea Surabaya kupinga kupunguzwa mishahara. Inauma kwamba walilipa kwa damu kudai haki yao.

Meli yenyewe, ya deraya na yenye mizinga miwili ya milimita 283, ilikarabatiwa ikawa ya mafunzo, ikabadilishwa jina kuwa Soerabaja. Kwa jina hilo ndipo ilipozamishwa na ndege za Japani bandarini Surabaya, Februari 1942. Ukitafuta kwa jina la zamani tu, utaishia 1933 na kudhani ndio mwisho wake.

Ila msiichanganye na kruza (aina ya manowari) ya jina hilohilo la De Zeven Provinciën iliyouzwa Peru miaka ya 1970. Hiyo ni meli nyingine kabisa, ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia.