Una faili la .exe kwenye Linux? Niambie kwanza unataka kufanya nini

Tangu usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ukome, Oktoba 14, 2025, wageni wa Linux wamezidi, na maswali yao ni yale yale. Nayajibu hapa.

Nimeweka Linux jana. Nikibofya setup.exe mara mbili, kimya. Kompyuta imeharibika?

Haijaharibika. Faili la .exe ni programu ya Windows: linamtafuta Windows, na Windows kahama. Wa kulisaidia ni Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux.

Mbona Wine inakubali programu moja na kuikataa nyingine?

Kwa sababu Wine ni mkalimani, si Windows ndogo iliyofichwa ndani ya Linux. Programu ikiomba kufunguliwa dirisha au kuhifadhiwa faili, Wine hulidaka ombi na kulifikisha kwa Linux kwa lugha inayoeleweka huko. Sasa Windows ina maombi maelfu, mengine hayakuandikwa popote. Mradi ulianza 1993, na toleo la 1.0 likatoka 2008: miaka 15 ya kutafsiri! Kwa hiyo kabla hujapakua chochote, itafute programu yako kwenye AppDB, hifadhidata ya Wine wenyewe, ambako watumiaji huzipa programu daraja kuanzia Platinum hadi Garbage. Angalia na namba ya toleo. La zamani kukubali si dhamana kwamba jipya litakubali.

Programu haifanyi kazi, nisaidie haraka.

Programu gani? Toleo gani? Imesema nini? Mimi si mpiga ramli. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda yenye faili, andika `wine setup.exe`, kisha usome. Ndiyo, usome. Katikati ya mistari mingi ya kelele huenda ukakuta mmoja unaolalamika kwamba MFC140.dll haikuonekana. Basi ugonjwa umejitaja: hiyo ni maktaba ya Visual C++, yaani msimbo wa Microsoft ambao programu nyingi huutegemea, na amri `winetricks vcrun2015` inaiweka (winetricks ni kisaidizi cha Wine). Usiende kuokota maktaba kama hizo (DLL) moja moja kwenye tovuti usizozijua. Hujui nani kaitia nini.

Rafiki kanishauri nitangulize sudo, amri ya kupewa mamlaka yote ya mfumo, ili Wine isinisumbue.

Huyo usimuulize tena. Wine haiendeshwi kwa sudo, basi. Na nyinyi mnaojipa moyo kwamba virusi vya Windows haviwagusi: kwa kawaida Wine huipa programu diski iitwayo Z:, na hiyo Z: ni mafaili yako yote, kuanzia kwenye mzizi. Kirusi kilichokuja na ile "kraki" (programu iliyovunjwa leseni) ya bure kinaziona picha zako kama unavyoziona wewe, na kinaweza kuzifunga kisha kikakudai fidia ili kizifungue. Ukiongeza sudo umekikabidhi na funguo za mfumo.

Na gemu?

Tumia Proton, Wine iliyorekebishwa na kampuni ya Valve kwa ajili ya gemu; imo ndani ya Steam, duka lao la gemu, tangu 2018. Nyingi zinakwenda. Ila gemu ya mtandaoni ambayo kinga yake dhidi ya wadanganyifu hudai kukaa ndani ya kiini (kernel, moyo wa mfumo) cha Windows, achana nayo.

Draiva ya printa yangu ni .exe. Niipitishe kwenye Wine?

Hapana. Draiva, programu inayounganisha mfumo na kifaa, huongea na kiini, na Wine haifiki huko. Ichomeke printa kwanza. Huenda CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, ikaitambua bila draiva yoyote. Niliwahi kupoteza wikendi nzima nikilazimisha programu ya skana ifunguke kwenye Wine. Ikafunguka vizuri tu. Ila skana yenyewe, programu haikuiona.

Nahitaji Word ya kuandikia barua na Photoshop ya kupunguzia picha.

Unahitaji kuandika barua na kupunguza picha. LibreOffice ya barua na GIMP ya picha zipo, za bure, na hazitaki mkalimani. Kama kazini wanakulazimisha programu fulani isiyo na mbadala, hiyo ni hoja nyingine: weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Windows yenye leseni. Kwa RAM ya GB 4 utajuta. GB 16 ndiyo starehe. Na ukishamaliza kuiweka, usiishirikishe folda yako yote ya nyumbani. Mpe Windows folda moja ya kubadilishana mafaili, nyingine hazimhusu.