Amana ya familia na vitukuu ambao hawajazaliwa

Dada, umeuliza kama ni kweli alivyosema wakili wenu, kwamba amana anayoitaka mzee (mali kushikwa na wadhamini kwa faida ya wengine) huenda isisimame kisheria. Hajawadanganya. Mzee anataka nyumba zake za kupangisha pale Umoja zishikwe na wadhamini, kisha vitukuu wagawiwe wakifika miaka 30, na kitukuu hata mmoja bado hajazaliwa. Hapo ndipo penye kasoro.

Kanuni ya kuzuia mali kufungwa milele ilitoka Uingereza, kwenye kesi ya Duke of Norfolk ya 1682. Inataka haki ya mnufaika ithibitike, yaani iwe yake bila sharti lililobaki kama la umri, ndani ya uhai wa mtu aliye hai leo, ukiongeza miaka 21 baada ya kifo chake. Sasa fikiria: mjukuu mwingine anazaliwa mwakani, nyinyi wote mlio hai leo mnafariki, miaka 21 inapita, na mtoto wake bado yuko chekechea. Kwa kanuni ya zamani uwezekano huo pekee, hata uwe mdogo vipi, uliua kipengele tangu siku ya kwanza, na nyumba zingerudi kwenye mirathi ya mzee. Halafu kaka zako waanze upya kortini!

Kenya tuna sheria yetu kuhusu kanuni hii, Sura ya 161. Mwambieni wakili aandike ukomo wa muda wa amana kwa kuifuata. Ile sampuli ya mtandaoni yenye miaka 125 iacheni, ni ya sheria ya Uingereza ya 2009. Mimi ningewapa wajukuu walio hai, maana haki yao inathibitika ndani ya uhai wao wenyewe.