Jibu: "swiotlb buffer is full" kwenye seva ya Kondele
Kaka, umeuliza kuhusu ujumbe huo wa kosa kwenye logi ya Linux; kabla hujashuka mjini Kisumu kununua diski mpya: diski zako ni nzima. Kadi yako ya zamani ya SATA (inayounganisha diski) hufikia anwani za biti 32 tu, yaani GB 4 za kwanza za RAM, na seva ina 16. Data ya juu ya hapo hupitia swiotlb, bafa (sehemu ya muda ya RAM) ya MB 64, ndiyo inayojaa.

Soma namba ya sz (ukubwa wa ombi kwa baiti) kwenye logi. Ikizidi 262144, kuongeza bafa ni kazi bure, maana ombi moja halipiti KB 256 hata bafa ikiwa tupu. Punguza ombi hadi KB 128, ukiwa root (msimamizi wa mfumo), na badala ya sdb weka jina la diski yako:

echo 128 > /sys/block/sdb/queue/max_sectors_kb

(Stima ikipotea hiyo inafutika, iweke kwenye kanuni za udev, zinazotekelezwa diski inapotambuliwa.)

Ikiwa sz ni ndogo, ongeza swiotlb=65536 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX katika /etc/default/grub (mipangilio ya kuwashia Linux), endesha update-grub, washa upya. Hiyo 65536 ni idadi ya vipande vya KB 2, jumla MB 128, si baiti.